Mjomba, mpwa wako akishtuka usiku

Mtoto aliyewahi kudhuriwa akiamka kwa hofu, washa taa, kisha mwite jina lake kwa sauti ya chini. Usimkumbatie ghafla, mguso asioutarajia unaweza kumrudisha akilini kwenye tukio lililomdhuru. Keti chini, mbali kidogo, wala usizibe mlango. Mwambie ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia. Akishindwa (hutokea sana), pumueni pamoja: kuvuta hesabu 4, kutoa 6.

Usimhoji yaliyompata. Akieleza mwenyewe, sikiliza bila kumkatiza, ila usiahidi kutunza siri: kama bado kuna anayemdhuru, itabidi useme. Hasira yako kwa aliyemdhuru imeze kwanza; mtoto hudhani yeye ndiye aliyekuudhi. Hali ikizidi mwezi 1, tafuta mshauri nasaha wa watoto.