Kupanda kwa miguu na kushuka kwa ubao kwenye theluji ya mwanzo wa msimu: jiandae ukiwa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mwanza ambaye Novemba au Desemba atakuwa kwenye milima ya Ulaya au Marekani, kwa masomo, kazi au kutembelea ndugu, na anataka kupanda kwa miguu yake hadi kwenye theluji ambayo haijakanyagwa, kisha aishuke kwa snoubodi, yaani ubao wa kutelezea. Uwe tayari unajua kuteleza. Kama bado huwezi kugeuza ubao kushoto na kulia kwenye mteremko wa nyuzi 25 bila kuanguka, lipia kwanza siku nne tano za mwalimu kwenye eneo lenye lifti za kupandisha watelezaji mlimani, halafu rudi hapa.

Wengi huuliza kwa nini wasiende Kilimanjaro tu. Kule juu kuna barafu ngumu, mawe ya volkano na jua la ikweta linaloyeyusha theluji mpya haraka. Si mahali pa kujifunzia jambo hili.

Hatua ya 1: Miguu, wiki 10 kabla

Hapa Mwanza hatuna udhuru. Ngazi za mawe za Mabatini, Igogo na Isamilo zinatosha kabisa. Weka dumu la maji la lita 5 kwenye begi la mgongoni, panda mara tatu kwa wiki, na kufikia wiki ya nne liwe la lita 10. Ukifika juu mwaga maji, au mpe mama mwenye ndoo tupu, ushuke mwepesi. Mlimani utashuka kwa ubao, hutashuka na mzigo kwa magoti, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyachosha hapa. Lengo ni kupanda jumla ya mita 600 kwa siku moja bila kesho yake kushindwa kwenda kazini. Ukianza Agosti mawe bado makavu; mvua za vuli zikianza, ngazi huteleza na mtu anavunjika mguu kabla hajapanda ndege.

Ziwa liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwili wako umezoea kidogo. Hilo lisikudanganye. Barabara ya Berthoud Pass kule Colorado, ambako wengi huanzia safari zao, tayari iko mita 3,446. Lala usiku miwili mitatu sehemu ya juu kabla ya kubeba chochote.

Hatua ya 2: Nguo

Koti na suruali tafuta kwenye mitumba. Mlango Mmoja, bei ya mavazi ya theluji huwa chini kwa sababu hakuna anayeyataka kwenye joto hili. Geuza koti ndani nje: utando wa ndani ukiwa unabanduka kama maganda ya kitunguu, acha. Mwagia maji kidogo begani, subiri dakika tano, pitisha mkono kwa ndani. Ukihisi unyevu, acha. Zipu ifunguke na kufungwa mara kumi bila kukwama. Helmeti na transiva (redio ndogo ya kumtafutia aliyefukiwa na maporomoko ya theluji) usinunue za mtumba hata ukibembelezwa vipi, maana ufa wa ndani hauonekani.

Usivae pamba. Jinzi na fulana ya pamba vikilowa jasho vinakugandisha. Ndani vaa sufu au nguo ya michezo inayokauka haraka, juu yake sweta la flisi, kisha koti. Kosa la watu wa kwetu ni kuvaa kila kitu tangu chini. Anza kupanda ukiwa unahisi baridi kidogo. Baada ya dakika kumi utakuwa sawa. Ukianza na joto utafika juu umelowa, na ukisimama jasho hilo ndilo litakalokutetemesha. Koti nene la manyoya likae kwenye begi, livaliwe mkisimama.

Hatua ya 3: Ubao

Madukani watakuonyesha splitibodi, ubao unaogawanyika vipande viwili ukapandia kama ski, kisha ukauunganisha kwa kushukia. Ni kifaa kizuri sana, nami nasema usikinunue kwa msimu wako wa kwanza, hasa mwanzo wa msimu. Mawe yatauchana tumbo ndani ya siku moja, na kuubadilisha vidole vikiwa vimekufa ganzi ni kazi ya kujifunza kwa wiki. Tafuta ubao wa kawaida, wa zamani, ambao hutaulilia. Upandie viatu vya theluji: fremu pana za plastiki au alumini zenye meno chini, zinazofungwa juu ya buti. Chukua zenye chuma kinachoinuka chini ya kisigino, kitaokoa misuli ya nyuma ya mguu. Fimbo mbili za kupandia, za kukunjika.

Funga ubao wima kwenye begi, vifungio vya miguu vikitazama nje. Ukiufunga kwa ulalo utanasa kila mti na kukuyumbisha kwenye upepo.

Hatua ya 4: Vifaa vitatu, na mazoezi mchangani

Kila mtu kwenye kundi lazima awe na transiva ya kilohezi 457, fimbo ya kuchoma kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, ya angalau sentimita 240, na beleshi la alumini. Si kundi zima, kila mtu. Beleshi la plastiki halichimbi theluji iliyoporomoka. Ikishasimama hushikamana ikawa ngumu.

Haya yanaweza kufanyiwa mazoezi kwenye mchanga wa ufukweni kabla hamjaondoka. Mmoja aiweke transiva iliyowashwa ndani ya kopo la plastiki, aizike kina cha nusu mita, asawazishe juu. Mwingine aitafute kwa transiva yake huku akihesabiwa muda. Kaeni mbali na mabati, nyaya za umeme na magari. Simu ikae sentimita 20 kutoka kwenye transiva inayotuma, na sentimita 50 kutoka kwenye inayotafuta. Afadhali izimwe kabisa. Namba za umbali kwenye kioo cha transiva inayotafuta zikishuka chini ya 3, piga magoti, shusha transiva hadi iguse mchanga, isogeze polepole kwa msalaba, simama penye namba ndogo kuliko zote. Kisha choma kwa kuzunguka nje, kila tundu sentimita 25 kutoka lililopita. Ukigusa, acha fimbo hapohapo. Usichimbe juu yake: shuka upande wa mteremko umbali wa mara moja na nusu ya kina, uchimbe kuelekea kwake. Rudieni mpaka kila mmoja apate ndani ya dakika tano. Aliyefukiwa huwa na nafasi nzuri kwa dakika kama kumi tu. Helikopta haiwezi kuwahi, mwenzako ndiye anayeweza.

Betri ziwe za alkalini, mpya. Za kuchaji hushuka ghafla bila onyo.

Hatua ya 5: Kuchagua mteremko

Mwanza ni jiji la mawe, na mawe yetu yanaonekana. Ya mlimani mwezi Novemba yamefunikwa kama miamba ya ziwani ambayo nahodha huijua kwa rangi ya maji tu. Theluji ya sentimita 40 juu ya malisho ya ng'ombe inatosha kuteleza. Sentimita 40 hizohizo juu ya mawe ni mtego. Tazama picha za eneo hilo zilizopigwa kiangazi, uchague palipokuwa na nyasi. Theluji ikionyesha vinundu, chini kuna jiwe au kichaka; zunguka.

Pembe: chini ya nyuzi 30, na juu yako pasiwe na mteremko mkali zaidi. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kati ya nyuzi 30 na 45. Napendelea 22 hadi 27. Chini ya 15 ubao husimama kwenye theluji laini. Simu hupima pembe, ila baridi huua betri, kwa hiyo jua njia ya fimbo mbili za urefu mmoja. Shika ya kwanza ikiwa imelala sawa, ncha yake ikigusa mteremko upande wa juu. Kwenye ncha iliyo huru ning'iniza ya pili ielekee chini. Ikigusa theluji kwenye nusu ya urefu wake, hapo ni karibu nyuzi 27. Ikishuka chini zaidi ya nusu kabla ya kugusa, mteremko ni mkali kuliko unavyotaka.

Hatua ya 6: Chimba uone kilicho chini

Hapa usiharakishe. Sentimita 20 za juu zinapendeza macho, lakini inayoangusha mteremko ni theluji iliyokaa chini yake tangu Oktoba.

Sisi jua hutupita utosini. Kule, mwezi Desemba, jua huning'inia kusini chini chini siku nzima, kwa hiyo mteremko unaotazama kaskazini hukaa kivulini. Theluji ya mwanzo hubaki pale, laini na kavu, wakati upande wa kusini imeshayeyuka. Kwa hiyo ndipo utakapotaka kwenda. Na ndipo theluji ya chini inapooza.

Inaoza hivi. Ardhi iliyofunikwa hukaa karibu na nyuzi joto 0. Hewa ya juu ikiwa hasi 10 na theluji ina kina cha sentimita 40, tofauti ni nyuzi 2.5 kwa kila sentimita 10. Ikishazidi nyuzi 1 kwa sentimita 10, mvuke hupanda kutoka kwenye punje za chini na kuganda upya juu yake, punje zikawa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Theluji ya sentimita 150 kwenye baridi ileile ina nyuzi 0.7 tu. Wembamba wenyewe ndio ugonjwa, na ndiyo maana pembeni mwa mawe, ambako theluji ni nyembamba zaidi, huwa ndipo pabovu kuliko pote.

Kabla ya kuchimba, soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya eneo hilo. Uswisi hutolewa na taasisi ya SLF iliyoko Davos. Colorado na Colorado Avalanche Information Center. Kipimo ni 1 hadi 5. Watu huiona 3 ni katikati, wakadhani ni kawaida. Ikiwa 3, usikaribie chochote cha nyuzi 30. Mwanzo wa msimu taarifa huenda isiwe ya kila siku, angalia tarehe yake.

Chimba mahali palipo salama, padogo, panapotazama upande uleule na wenye pembe inayofanana na unakotaka kushuka. Si chini ya mti, maana matawi hudondosha theluji na kuivuruga. Si kando ya njia iliyokanyagwa. Fika hadi kwenye nyasi. Sawazisha ukuta wa upande wa juu kwa beleshi, kisha upitishe kidole kutoka juu kwenda chini. Kidole kikipita kwa shida, halafu ghafla kikazama kama kwenye gunia lililotoboka, umeipata. Chota punje hizo, fumba ngumi. Theluji njema hufinyangika. Hii humwagika kati ya vidole kama sukari, na kwenye jua kila punje inang'aa peke yake.

Sasa kata nguzo ya sentimita 90 kwa upana wa mteremko na 30 kwenda juu, iachane na ukuta pande zote hadi chini, kwa kamba yenye mafundo. Laza beleshi juu ya nguzo, kwenye mwisho wake mmoja. Gonga mara 10 kwa kiganja kutoka kifundo cha mkono, 10 kutoka kiwiko, 10 kutoka bega. Uache mkono uanguke kwa uzito wake, usisukume. Ufa ukikimbia nguzo nzima kwa pigo lileile au linalofuata, funga begi, rudini kwenye mteremko mpole. Ukivunjika chini ya beleshi pekee, ni afadhali, lakini si ruhusa. Nguzo ikianguka wakati bado unakata, usihangaike kuanza nyingine, jibu umeshalipata. Na shimo moja haliwezi kukuthibitishia usalama, linaweza tu kukukataza. Mita 20 pembeni hali inaweza kuwa tofauti.

Kazi hii huchukua dakika 20 na anayesubiri hupata baridi, kwa hiyo avae koti nene tangu mwanzo. Wengi huacha kuchimba kwa sababu ya baridi hiyo tu.

Mkiwa njiani, mkisikia mvumo mzito chini ya miguu kama gunia la mahindi lililodondoshwa stoo, au nyufa zikikimbia mbele ya kiatu, hakuna haja ya shimo. Geukeni.

Hatua ya 7: Kupanda

Hatua fupi, mwendo wa kuweza kuongea. Mita 300 za kupanda kwa saa ni nzuri kwa mgeni. Anayekanyaga njia mbele abadilishwe kila dakika kumi. Pandeni karibu na mtakaposhukia, mkipita kwenye mgongo wa mlima na siyo katikati ya bonde, ili mjue mawe yalipo. Maji yawe kwenye chupa ya chai, mpira wa kunywea huganda. Karanga na dagaa wakavu huliwa hata kwenye baridi kali. Chokoleti huwa jiwe.

Hatua ya 8: Kushuka

Mmoja mmoja. Wengine wasimame pembeni, pasipofikiwa na maporomoko, wakimtazama. Uzito kidogo mguu wa nyuma, mizunguko ya wazi, mwendo wa wastani: jiwe ukiliona umechelewa. Ukianguka kwenye theluji laini usijaribu kujisukuma kwa mikono, itazama. Tumia fimbo zilizopishana kama msalaba.

Ukirudi Mwanza

Mikwaruzo mifupi iache. Iliyofika kwenye mbao ikaushe siku mbili kabla ya kuiziba, la sivyo maji yaliyonaswa yataibandua. Unyevu wa ziwa hula kingo za chuma haraka: futa, pitisha mafuta ya cherehani. Paka nta nene tumboni na uiache bila kuikwangua mpaka msimu ujao. Usiweke ubao darini chini ya bati, gundi hulegea kwa joto. Chini ya kitanda panatosha. Na chomoa betri kwenye transiva siku hiyohiyo, kwa sababu zikivuja hula shaba ya ndani, nayo haitengenezeki.