Kufunga pleti namba ya nyuma kwenye gari lililotoka Japani

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina sehemu ya pleti iliyopimwa kwa pleti ya Kijapani: upana sentimita 33, kimo sentimita 16.5. Pleti ndefu tunayoizoea huku ina upana wa sentimita 52 hivi. Ukiipachika kwenye Vitz, IST au Noah, kila upande unabaki ukining'inia karibu sentimita 10, nje ya sehemu iliyotengenezwa kuishikilia. Pembe hizo zinacheza kila mara mlango wa nyuma unapofungwa, na baada ya miezi michache pleti inaanza kupasuka pale kwenye matundu. Mara nyingine inaziba kitasa au kamera ya nyuma.

Kwa hiyo unapoagiza, chukua ndefu ya mbele na ya mraba, yenye mistari miwili, ya nyuma. Kabla ya kulipa, pima sehemu yenyewe kwa futi kamba, kwa sababu gari la Ulaya lina nafasi ndefu na hapo mraba ndiyo utakaogoma. Kenya kuna jambo la ziada la kuangalia: nyeupe inakaa mbele, njano nyuma, kwa hiyo ukikosea umbo huwezi kubadilishana pleti hizo mbili.

Vitu vya kuwa navyo ni vichache: bolti mbili za M6 za stenlesi (zile za spana namba 10) zenye urefu wa milimita 16 hadi 20, washa mbili pana za chuma, washa nne za nailoni au mpira, drili yenye biti ya milimita 3 na ya milimita 7, tupa ndogo, teipu ya karatasi, kipande cha boksi gumu, grisi kidogo na sponji ya kubandika yenye unene wa milimita 3. Stenlesi si anasa. Dar, Tanga au Mombasa, bolti ya kawaida huanza kulia kutu mapema, na maji yake ya kahawia yanashuka juu ya namba.

Anza na matundu ya gari. Mengi ya magari haya yana matundu mawili yaliyoachana sentimita 21, katikati kwa katikati, na nyuma ya kila tundu kuna nati iliyochomelewa kwenye bati. Pleti ya Kijapani huvuliwa gari linapofutiwa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje, kwa hiyo unaweza kukuta matundu matupu, au bolti zimerudishwa. Tundu la kushoto huenda bado lina kikombe kidogo cha alumini chini ya bolti, mabaki ya lakiri ambayo Japani huweka kwenye pleti ya nyuma. Kitoe, maana kikibaki kitainua upande mmoja wa pleti.

Bolti ya zamani ikigoma, usiivunje kwa nguvu. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika 15, kisha izungushe robo kwenda na robo kurudi, taratibu. Sababu ya subira hii ni ile nati ya nyuma: weldi yake ni ndogo, na ikiachia, nati itazunguka pamoja na bolti bila kufunguka. Hapo huna njia ila kuvua plastiki ya ndani ya mlango ili uishike kwa koleo, na klipsi za plastiki hiyo zikiwa kuukuu hukatika. Kama nati imekwisha kabisa, fundi ataweka nati ya riveti ya M6, inayohitaji tundu la milimita 9.

Matundu yakiwa wazi, yasafishe kwa mswaki mkavu, paka bolti mpya grisi kidogo na uiingize kwa vidole peke yake. Inatakiwa iende mizunguko mitatu au minne bila kukaza. Ikikaza mwanzoni, imeingia upande. Itoe uanze upya. Ukiisukuma kwa spana katika hali hiyo, unakula uzi wa nati.

Sasa pleti. Kanuni yetu ni moja na hatuilegezi: toboa pleti, usitoboe gari. Nyuma ya bati la mlango kunapita waya za taa, za kamera na za loki ya buti, na kila tundu jipya kwenye bati ni mlango wa kutu. Mafundi wengi wa barabarani hukimbilia kutoboa mlango kwa sababu ni dakika mbili tu. Wazuie.

Usikadirie matundu kwa macho. Kata boksi kwa vipimo vya pleti, liweke mahali pake likiwa limenyooka, libonyeze kwa kidole juu ya kila tundu mpaka alama ya duara itokee, kisha toboa boksi kwenye alama hizo. Liweke juu ya pleti na utazame alama zinaangukia wapi. Zikiangukia nafasi tupu, upande wa juu wa maandishi au kati ya herufi, endelea. Zikiangukia juu ya herufi au tarakimu, simama. Kichwa cha bolti kikikaa kwenye mguu wa 1 au ndani ya tumbo la 8, namba inasomeka vibaya, na trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Dawa yake ni kipande cha flatibaa ya alumini, upana milimita 20, unene milimita 2, urefu sentimita 30. Kifunge kwenye matundu ya gari kwa bolti za M6 zenye vichwa vifupi, halafu pleti uifunge kwenye flatibaa hiyo pale palipo wazi. Hakikisha vichwa vya bolti za ndani haviisukumi pleti. Weka washa za mpira kati ya flatibaa na pleti ili kupata nafasi. Njia hii ndiyo pia inayofaa kwa mwenye hofu ya wezi wa pleti: unaweza kupiga riveti za alumini kati ya pleti na flatibaa badala ya bolti, bila riveti hata moja kugusa bodi ya gari.

Kutoboa kwenyewe: bandika teipu ya karatasi pande zote mbili za pleti mahali pa tundu, weka ubao chini, anza na biti ya milimita 3 kisha fuatisha ya milimita 7. Toboa kwa mwendo wa polepole, ukianzia usoni. Teipu inazuia ile karatasi ya kuakisi mwanga isichanike pembeni ya tundu; ikichanika, maji huingia chini yake na rangi huanza kuinuka kama ngozi iliyoungua. Milimita 7 ni kubwa kuliko bolti kwa makusudi, ili ubaki na nafasi ya kunyoosha pleti. Piga tupa makali yaliyobaki kwa nyuma.

Bandika vipande viwili vya sponji kwenye pembe za chini, upande wa nyuma, ndivyo vitakavyoua mlio. Panga hivi: bolti, washa ya chuma, washa ya nailoni, pleti, washa ya nailoni, gari. Nailoni inatenganisha alumini na chuma, maana vikigusana kwenye unyevu wa chumvi alumini inaliwa. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole, nyoosha pleti, kisha kaza kwa zamu mpaka ziguse, na uongeze robo mzunguko. Pleti ikianza kuingia ndani kuzunguka bolti, umezidisha.

Funga mlango kwa nguvu ya kawaida na usikilize. Mlio wa kopo unamaanisha sponji haijagusa bodi. Washa taa ndogo usiku na utazame kama mwanga unafika kwenye mistari yote miwili. Balbu za hapo kwa kawaida ni za volti 12, wati 5, za kuchomeka tu, na moja ikiwa imekufa badilisha zote. Washa kamera ya nyuma pia uone kama ukingo wa pleti haujaingia kwenye picha. Usiweke kioo cheusi juu ya pleti.

Baada ya wiki moja pitia bolti tena kwa spana, kwa sababu nailoni na mpira vikishabonyea hulegea kidogo.