Somo: kupiga picha za ndege na mandhari Goma, upepo kwanza kamera baadaye

Ndugu zangu, naona swali linalorudi kila mara ni "ninunue kamera gani?" Tutalifikia. Lakini mwenye kamera kuukuu anayejua upepo unatoka wapi atamshinda mwenye lenzi ya maelfu ya dola anayefika Ziwa Kivu saa nne.

Hatua ya 1: Wahi

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua letu linapanda karibu wima. Linachomoza kwenye saa kumi na mbili, kisha linapanda kama nyuzi 15 kila saa. Ikifika saa mbili liko juu tayari, macho ya ndege yanaingia kivulini na maji yanapoteza rangi. Zile video za Wazungu zinazosema una asubuhi nzima ya mwanga laini zilipigwa mbali na hapa. Uwe umeshakaa mahali pako jua linapotoka. Jioni rudi kuanzia saa kumi na moja.

Hatua ya 2: Jua upepo

Hapa ndipo nataka mkae kidogo, maana watu wengi wanaparuka.

Mchukue mdiria wa madoa meusi na meupe, yule wa ufukwe wetu wote. Akiwinda husimama hewani, mabawa yanapiga haraka, kichwa kimetulia kabisa, mdomo umeelekea chini. Ili asimame hivyo lazima auelekee upepo. Sasa fikiria: alfajiri nchi kavu imepoa kuliko ziwa, kwa hiyo upepo hutoka mjini kwenda majini. Wewe uko ufukweni, yeye yuko juu ya maji, na anakutazama usoni. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unageuka na kutoka ziwani. Ndege yuleyule sasa anakupa mkia.

Watu wanahama ufukwe kumtafuta mdiria "mzuri". Mdiria ni huyohuyo, wamechelewa tu.

Kwa hiyo tupa jani kavu au angalia moshi wa jikoni unakoelekea, kisha chagua pa kukaa. Ufukwe mwingi umezibwa na kuta za nyumba na hoteli, hilo mnalijua. Soda moja kwenye terasi inakununulia kiti cha saa nzima, mradi umwombe mwenye mahali kwanza.

Hatua ya 3: Panga kamera kabla ndege hajaja

Ndege anayeruka: kasi ya 1/2000 ya sekunde, au zaidi mwanga ukiruhusu. Ndege aliyetua: 1/500 inatosha. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, acha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ijipange yenyewe, weka fokasi ya kufuatilia na upigaji wa mfululizo. Lenga jicho. Bawa likiwa na ukungu picha inasameheka, jicho likiwa na ukungu futa.

Shuka chini pia. Ukipiga umesimama unapata mgongo wa ndege na matope. Ukikaa chini, lenzi ikiwa sawa na jicho lake, nyuma yake panakuwa maji matupu.

Hatua ya 4: Mawe meusi yanaidanganya kamera

Huu ni ugonjwa wetu wa Goma. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Ikiona lava nyeusi imejaa kwenye picha inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Mawe yanatoka kama majivu, na yangeyange aliyesimama juu yake anageuka karatasi nyeupe isiyo na unyoya hata mmoja. Tumia kitufe cha +/- cha kurekebisha mwanga, ushuke hadi -1, wakati mwingine hata -1.7. Mawe yatarudi kuwa meusi na manyoya ya kifuani yataonekana. Unaweza kuongeza mwanga kwenye vivuli baadaye ukihifadhi faili ya RAW, yaani picha ghafi, lakini cheupe kilichoungua hakirudi.

Hatua ya 5: Mlima

Nyiragongo, volkano yetu, una mita 3,470, ziwa liko mita 1,460, kwa hiyo mnatazama ukuta wa mita 2,000 juu ya mji. Uko kaskazini kwetu. Mwezi wa 12 na wa 1 jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, linapita nyuma ya bega lako la kulia na kuuangaza uso wa mlima. Mwezi wa 6 huchomoza kaskazini-mashariki, linakuja mbele yako, na nusu ya mlima inabaki kivulini. Tena miezi ya kiangazi hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba. Mimi nasubiri asubuhi inayofuata mvua kubwa ya usiku. Mawingu hupanda kabla ya adhuhuri, usikawie kunywa chai.

Weka kitu mbele: chukudu (kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo) iliyoegeshwa, ukuta wa mawe, mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, iliyofungwa mitatu mitatu na miti yake mirefu. Mlima peke yake ni kadi ya posta.

Hatua ya 6: Usilete matatizo

Usielekeze lenzi kwa wanajeshi, vizuizi vya barabarani, mpaka au uwanja wa ndege, hata kama mwewe ametua juu ya bendera. Watu waombwe ruhusa. Na vumbi letu ni mawe ya volkano yaliyosagika, linakwaruza kioo: puliza kwanza, ndipo ufute. Lenzi usiibadilishe barabarani.

Maswali ya wanamemba

*Dada wa Keshero: Kaka, mimi nina simu tu. Nifanyeje?*
Dada yangu, achana na kuvuta picha kwa vidole, ndege atakuwa doa. Piga mandhari na mitumbwi inayorudi asubuhi. Ukipata darubini ya kuazima, bana lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini. Yangeyange aliyetulia atatoka vizuri.

*Kijana wa Katindo: Mkubwa, nimepata kamera iliyotumika pamoja na lenzi ya 70-300. Nichukue?*
Kwa kuanzia 300 inatosha, mdogo wangu. Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, rudisha.

*Papa wa Mugunga: Umesema tushuke chini. Hata kule Lac Vert, lile ziwa dogo?*
Papa, asante sana kwa kuuliza. Hapana. Kuanzia Lac Vert hadi Bulengo kuna mazuku, yaani mabonde yanayojaa gesi ya volkano. Gesi hiyo, kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa, haionekani, haina harufu, na hujaa mashimoni hasa alfajiri pasipo upepo, saa zetu zilezile za kupiga picha. Piga ukiwa umesimama mahali palipoinuka, usiende peke yako, na waulize wenyeji mabonde ya kuepuka. Ukikuta panya au ndege amekufa bondeni, usishuke kumwangalia.

*Dada wa Himbi: Kwera, wale ndege wanaofuma viota, wamejenga kwenye mti wa nyumbani. Naweza kukata tawi moja linaloziba?*
Usikate, dada. Ukilikata unaweza kuwaanikia kunguru viota. Rudi nyuma, tafuta upenyo mwingine. Mzazi akitua na chakula mdomoni akawa anageukageuka bila kuingia kiotani, uko karibu mno. Ongeza hatua kumi nyuma hadi aingie.