Kuunganisha kompyuta ya mezani na kompyuta kuu kwa TN3270E: mipangilio ya emuleta

Programu nyingi zinazoendeshwa kwenye kompyuta kuu za IBM, au meinifremu kama wengi wanavyoziita, ziliandikwa zikitarajia kuzungumza na terminali za familia ya 3270, ambazo IBM ilizitoa mwaka 1971. Terminali zenyewe zimetoweka maofisini, lakini utaratibu wake wa mawasiliano ungali hai: kompyuta kuu hutuma skrini nzima kwa mkupuo, mtumiaji hujaza nafasi zilizoachwa wazi, kisha hubonyeza kitufe kimoja kinachorudisha kwa pamoja yote aliyoyaandika. Kompyuta ya mezani inayotaka kuingia huko huhitaji emuleta, yaani programu inayoigiza terminali hiyo na kusafirisha data yake juu ya TCP/IP kwa itifaki ya TN3270, au kwa toleo lake lililopanuliwa, TN3270E, ambalo maelezo yake yamo katika hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 2355, ya mwaka 1998.

Majina ya menyu hutofautiana kati ya IBM Personal Communications, x3270 na emuleta nyingine, lakini mambo yanayoulizwa ni yale yale. Sehemu kubwa ya matatizo huzaliwa pale pande mbili za muunganisho zisipokubaliana juu ya jambo fulani, na aliyeketi kwenye kibodi akakisia kitu ambacho angepaswa kukiuliza. Kwa hiyo kazi huanza kabla emuleta haijafunguliwa.

Mambo ya kumuuliza msimamizi wa mfumo

Omba taarifa zifuatazo kwa maandishi: jina la seva kwenye mtandao, namba ya poti, iwapo muunganisho unalindwa kwa TLS (itifaki inayosimba data ipitayo mtandaoni) na kwa namna gani, iwapo umepangiwa jina maalumu la LU, yaani la terminali yako, ukubwa wa skrini unaokubalika, jedwali la herufi linalotumiwa na programu utakazozifungua, na jina la programu ya kuingilia. Thibitisha pia kwamba mfumo unaouendea ni wa familia ya 3270, kwa sababu IBM i, mfumo mwingine wa uendeshaji wa IBM, hutumia terminali za familia nyingine, 5250, na emuleta nyingi hukutaka uchague aina ya kikao mwanzoni kabisa.

Pendelea jina la seva kuliko anwani yake ya namba. Wasimamizi wa z/OS, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kuu, huweza kuhamisha huduma kutoka mashine moja hadi nyingine, na jina hubaki sahihi baada ya namba kubadilika. Isitoshe, cheti cha TLS kwa kawaida hutolewa kwa jina, hivyo anayeunganisha kwa namba atapata onyo la cheti hata kama hakuna hatari yoyote.

Kupima njia

Usitegemee ping, amri inayopima kama kompyuta nyingine inajibu, peke yake, kwani mitandao mingi huzuia pakiti zake huku ikiruhusu zile za emuleta, na kinyume chake pia hutokea. Kinachohitajika ni kujua kama poti yenyewe inafikika. Kwenye Windows, amri ya Test-NetConnection ikipewa jina la seva na namba ya poti itajibu swali hilo mara moja. Kwa poti inayolindwa, amri ya openssl s_client itaonyesha zaidi: itakuletea cheti cha seva, jina lililoandikwa ndani yake na toleo la TLS lililokubaliwa. Poti ikiwa haifikiki, hakuna mpangilio wowote ndani ya emuleta utakaosaidia; mpelekee anayesimamia ngome ya mtandao (firewall) jina la seva, namba ya poti na anwani ya kompyuta yako.

Poti na ulinzi wa TLS

Telnet ya kawaida, itifaki ambayo TN3270 imejengwa juu yake, hutumia poti 23, na ile inayolindwa imetengewa poti 992, ingawa taasisi nyingi huchagua namba zao. Jambo la kuzingatia ni kwamba namba ya poti haiwashi ulinzi. Ni lazima uchague TLS katika mipangilio ya kikao, na mara nyingi utaulizwa pia kama ulinzi uanze papo hapo au ujadiliwe baada ya Telnet kuanza. Namna hizi mbili hazibadilishani nafasi.

Inafaa kuelewa kwa nini, kwa sababu dalili zake huwachanganya watu wengi. Katika Telnet ya TN3270, seva ndiyo huanza kuzungumza. Katika TLS ya papo hapo, emuleta ndiyo huanza. Ukielekeza emuleta isiyo na TLS kwenye poti inayolindwa, kila upande humsubiri mwenzake, na wewe huona skrini tupu isiyo na ujumbe wowote mpaka muda wa kusubiri uishe. Ukifanya kinyume, yaani ukawasha TLS kwenye poti ya wazi, emuleta hupokea baiti za Telnet mahali ilipotarajia jibu la TLS, na hukata muunganisho mara moja kwa kosa la ulinzi. Kwa hiyo skrini tupu na kosa la papo hapo ni dalili za makosa mawili tofauti, ingawa yote yanatoka kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio.

Chagua TLS 1.2 au 1.3, kwani matoleo ya 1.0 na 1.1 yaliondolewa rasmi katika matumizi mwezi Machi 2021 kwa RFC 8996. Kisha weka cheti cha mamlaka iliyosaini cheti cha seva katika hazina ya vyeti ambayo emuleta yako inaisoma. Hapa pana mtego: baadhi ya emuleta husoma hazina ya Windows, nyingine zina hazina zao wenyewe, na cheti kilichowekwa pasipo mahali pake ni sawa na kisichowekwa kabisa.

Emuleta nyingi huruhusu kuzima ukaguzi wa cheti. X3270, kwa mfano, hufanya hivyo ukitanguliza herufi Y na nukta mbili mbele ya jina la seva. Nasisitiza kwamba hilo lisiachwe ndani ya mpangilio wa kudumu. Nenosiri la kuingia kwenye kompyuta kuu hupita ndani ya kikao hiki, na kikao kilichosimbwa bila kukagua cheti humlinda mtumiaji dhidi ya anayesikiliza tu, si dhidi ya anayejifanya seva.

Jina la LU

LU ni jina ambalo kompyuta kuu huitambulia terminali yako, na halizidi herufi 8. Kama hukupewa, acha nafasi hiyo wazi ili seva ikuchagulie moja kutoka katika akiba yake. Kubuni jina hakuna faida. Kama umepewa, liandike kama lilivyo. Katika x3270, LU hutangulia jina la seva, vikitenganishwa na alama ya @, na poti hufuata baada ya nukta mbili. Programu za zamani zinazomtambua mfanyakazi kwa terminali yake, pamoja na vikao vya printa ambavyo lazima vihusishwe na skrini fulani, ndivyo hasa vinavyohitaji LU maalumu, na uwezo wa kuiomba kwa utaratibu ulio wazi ni mojawapo ya sababu za kuchagua TN3270E badala ya TN3270 ya kawaida.

Ukubwa wa skrini

Modeli ya 2 ina mistari 24 ya herufi 80, ya 3 ina mistari 32, ya 4 ina 43, na ya 5 ina mistari 27 ya herufi 132. Herufi E mwishoni mwa jina, kama katika IBM-3278-4-E, huruhusu rangi na sifa nyingine za ziada, na hakuna sababu ya kuiacha. Ukichagua modeli kubwa na programu ikaendelea kutumia mistari 24 tu, tatizo huenda liko upande wa kompyuta kuu, ama katika modi ya kikao iliyopangwa kwa terminali yako, ama kwa kuwa programu yenyewe iliandikwa kwa ukubwa huo.

Jedwali la herufi

Huu ndio mpangilio unaopuuzwa kuliko yote, na ndio ningependa usomwe kwa makini zaidi, kwa sababu ukikosewa muunganisho hufanya kazi vizuri kabisa huku data ikiharibika kimyakimya. Kompyuta kuu hizi hutumia EBCDIC, mfumo wa IBM wa kuzipa herufi thamani za namba, na EBCDIC ina majedwali mengi yanayokubaliana kuhusu herufi za A hadi Z na tarakimu, lakini yakatofautiana kuhusu alama.

Jedwali la 037, la Marekani, na jedwali la 1047, linalotumiwa sana na sehemu ya Unix ya z/OS, hutofautiana katika mabano ya mraba: katika 037 yako kwenye thamani za heksadesimali BA na BB, katika 1047 yako kwenye AD na BD. Mwandishi wa programu za C aliyechagua jedwali lisilo lake ataandika mabano yanayoonekana sawa kwenye skrini yake, kisha kikusanyaji (compiler) kiyakatae. Emuleta ya x3270 huanza na jedwali liitwalo bracket, ambalo ni la Marekani lililorekebishwa mabano yake yakae kama katika 1047. Ndiyo maana faili moja huweza kuonekana tofauti katika emuleta mbili zilizoachwa na mipangilio yake ya awali.

Sarafu nazo zina hatari yake. Thamani ya 5B ni alama ya dola katika 037, lakini ni alama ya pauni katika 285, jedwali la Uingereza. Nambari za fedha hazibadiliki, ila alama iliyo mbele yake hubadilika, na majina ya faili yenye alama ya dola huonekana yana pauni. Anayehitaji alama ya yuro atumie 1140, ambalo ni 037 lililoongezewa alama hiyo.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi: fungua faili ambayo yaliyomo yake unayajua, yenye mabano ya mraba, alama ya dola na alama ya mshangao, kisha iangalie katika hali ya heksadesimali ndani ya ISPF, programu ya z/OS ya kuhariri na kutazama faili. Thamani zikilingana na jedwali ulilochagua, endelea. Zisipolingana, badilisha jedwali katika emuleta, usirekebishe faili.

Kibodi

Terminali ya 3270 ilikuwa na vitufe ambavyo kibodi za leo hazina: PF1 hadi PF24, PA1 hadi PA3, Clear, Reset na Attn. Kabla ya kuanza kazi, fungua ramani ya kibodi na uhakikishe unajua kila kimoja kimewekwa wapi. Katika Personal Communications, mpangilio wa awali hukipa kitufe cha Ctrl cha kulia kazi ya kutuma, na kitufe kikubwa cha Enter kazi ya kushuka mstari. Wageni wengi hudhani mfumo umeganda, kumbe hawajatuma chochote. Ukiona alama ya X katika mstari wa hali chini ya skrini, kibodi imefungwa. Kama umeandika mahali palipozuiwa, Reset itaifungua. Kama mfumo unashughulikia ombi lako, subiri, kwani Reset haikatishi kazi inayoendelea upande wa pili.

Kikao kinapokataa au kinapokatika

Soma dalili kwa mpangilio wa safari yenyewe: kwanza jina kutafsiriwa kuwa anwani, kisha poti, kisha TLS, kisha makubaliano ya TN3270E, na mwisho programu. Badilisha mpangilio mmoja tu kila unapojaribu. Seva ikikataa kwa sababu kwamba kifaa kinatumika, jina lako la LU limeshikwa, na mara nyingi mshikaji ni kikao chako mwenyewe ambacho mtandao ulikikata bila seva kujua. Msimamizi anaweza kukiachia. Ikikataa kwamba jina si halali, hakiki tahajia kabla ya kumlaumu yeyote. Ukipata skrini ya kukaribisha lakini programu haifunguki, mtandao na emuleta vimemaliza kazi yao, na swali linahusu jina la programu au ruhusa zako.

Vikao vinavyokatika mtumiaji akiwa kimya kwa muda kwa kawaida hukatwa na ngome ya mtandao inayofuta miunganisho isiyopitisha data. Washa keepalive, yaani ujumbe mdogo unaotumwa mara kwa mara ili muunganisho usionekane umelala, katika emuleta, na uipe muda mfupi kuliko ule wa ngome. Hata hivyo, TSO, sehemu ya z/OS ambamo mtumiaji hutoa amri, ina kikomo chake cha kutotumiwa, na ukiona msimbo wa 522 ujue kompyuta kuu ndiyo iliyokutoa. Keepalive haiwezi kuzuia hilo, wala haipaswi.

Kuhifadhi na kugawa mpangilio

Kikao kikishafanya kazi, hifadhi mpangilio katika faili na uweke nakala. Ukiwapa wenzako nakala hiyo, ondoa kwanza jina la LU kama ni lako binafsi, la sivyo wa pili kuunganisha atakataliwa, au, kwa seva zilizoruhusu unyakuzi wa LU, atakutoa wewe katikati ya kazi. Kagua pia makro, yaani mfululizo wa hatua za kibodi, zilizorekodiwa ndani ya mpangilio: iliyorekodi hatua za kuingia huweza kuwa imehifadhi nenosiri kwa maandishi ya wazi, na hiyo ifutwe kabla faili haijaondoka kwenye kompyuta yako.