Piga pengo, si nguzo: ruwaza, chakacha na nakshi katikati ya Nairobi

Wanaonionyesha picha zao za ruwaza huniletea safu: nguzo kumi, madirisha ishirini, bodaboda zimejipanga. Zimenyooka, hazina kosa, na papo hapo jicho limeshachoka. Na mimi nilipiga za aina hiyo kwa miaka, nikihesabu vitu, nisitazame kilichobaki kati yake. Kwa zoezi hili chukua kamera yoyote au simu, bikari ya shule na asubuhi moja mjini.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza

Tafuta wimbo wa chakacha, ngoma ya Waswahili wa pwani, usikilize huku vidole vikigonga meza. Mzunguko mmoja una mapigo sita. Yagawe matatu matatu, utasikia vishindo viwili. Yagawe mawili mawili, vinakuwa vitatu. Ngoma ni ileile, sikio ndilo limehama. Rudia mpaka uhame bila kusimamisha vidole. Ukishindwa, kunywa chai kisha urudie, lakini usiiruke hatua hii.

Hatua ya 2: Chora nyota

Chora duara, na ndani yake mraba ambao pembe zake nne zinaligusa. Ongeza mraba mwingine sawa na huo, umeuzungusha nyuzi 45. Futa mistari ya ndani: umepata nyota ya ncha nane. Sasa zichore nyota nne, mbili juu na mbili chini, zikigusana ncha kwa ncha. Tazama katikati. Pametokea msalaba wenye ncha kali, na wewe hukuuchora!

Mafundi wa vigae wa Kashan, Uajemi, katika karne ya 13 hawakuliacha pengo hilo wazi. Walilifinyangia kigae chake, chenye rangi na nakshi zake, kikafumana na nyota ukuta mzima. Kwao hakukuwa na mabaki. Mimi karatasi ya nyota zangu nne hukaa ndani ya mkoba wa kamera mpaka leo.

Hatua ya 3: Anzia kwenye leso

Nenda Biashara Street, kwenye maduka ya leso. Usipige leso iliyotandazwa, maana hapo utakuwa unanakili kazi ya mchoraji tu. Piga rundo lililokunjwa, pindo zikiwa zimepangana. Na uombe ruhusa.

"Mama, shikamoo. Naomba kupiga picha mikunjo hii."

"Marahaba. Piga, lakini usinivurugie. Na ununue doti moja."

Nilinunua. Katika rundo lile, leso moja ilikuwa imekunjwa kinyume, nusu ya jina ikachungulia kati ya pindo nyekundu. Sikuigusa. Picha yote ilikuwa pale.

Hatua ya 4: Rudi nyuma

Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, una kuba tatu na minara miwili. Ukiwa barabarani, usizitazame kuba. Tazama kipande cha anga kilichobanwa kati ya kuba na kuba. Kina umbo lake. Ukitaka kupiga ndani, omba ruhusa ofisini, vua viatu, epuka nyakati za swala. Ijumaa usijaribu kabisa.

Kisha ingia Soko la City, hatua chache kutoka hapo, uinue macho kwenye matao ya zege. Ukisimama karibu, ukitumia lenzi pana, tao la kwanza linavimba na la mwisho linasinyaa. Rudi nyuma kadiri nafasi inavyokuruhusu, tumia lenzi ya milimita 85 au zaidi, au kuza mara mbili kwenye simu. Mapengo yatakaribiana ukubwa, na mdundo utatulia. Tundu la lenzi, mimi hutumia f/8.

Hatua ya 5: Kata katikati ya tao

Ukingo wa picha usiishie kwenye tao kamili. Likate, ili mtazamaji aamini kwamba safu inaendelea nje.

Hatua ya 6: Subiri

Weka kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, tulia. Mtu atapita. Usimpige akiwa mbele ya nguzo, mngoje aingie kwenye pengo. Hapo ndipo zile hesabu mbili za chakacha zinapokutana: nguzo zinaenda zao, mpita njia anaenda zake. (Waombe askari wa jengo ruhusa mapema. Mmoja aliwahi kunifutisha picha za asubuhi nzima, na hakuwa na haraka.)

Hatua ya 7: Geuza

Kwenye kompyuta, nyoosha mistari ya wima, ondoa rangi, kisha igeuze picha iwe negativu, cheupe kiwe cheusi. Nguzo zikibaki ndizo zinazovuta jicho, futa. Pengo likijitokeza kama ule msalaba wa karatasini, rudisha rangi uihifadhi. Katika picha mia moja mimi hubaki na tatu, siku nyingine moja.