Barbizon na msitu wa Fontainebleau: namna ya kuipanga siku

Usiende Jumanne. Siku hiyo makumbusho ya wachoraji ya Barbizon, kijiji cha Ufaransa kusini mwa Paris, hufungwa, na kasri la Fontainebleau, lililo umbali wa kilomita 10 hivi, nalo hufungwa siku hiyohiyo. Msitu hauna mlango wa kufungwa, kwa hiyo matembezi yatabaki, lakini utakuwa umeacha nusu ya kilichokuleta. Jumamosi na Jumapili kila kitu kiko wazi, ila watu ni tele na maegesho ya ukingoni mwa msitu hujaa mapema. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, nenda kati ya Jumatano na Ijumaa.

Mpangilio wa siku nao una maana. Asubuhi ni ya msituni, alasiri ni ya kijijini. Makumbusho ya Barbizon yana kawaida ya kufunga saa za chakula cha mchana, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane. Anayefika saa sita akidhani ana muda wa kutosha hujikuta nje, mlango umefungwa na mvua inanyesha. Hakikisha saa za siku yako kwenye tovuti yao kabla ya kutoka.

Kufika

Barbizon haina kituo cha treni, na hapo ndipo mipango mingi huharibikia. Kutoka Paris, panda treni ya mstari R katika kituo cha Gare de Lyon, ushuke Fontainebleau-Avon. Safari ni dakika 40 hivi. Treni hizi huondokea kwenye majukwaa ya juu, yale ya treni za masafa. Wengi hufuata mishale ya RER, treni za jiji na vitongoji vyake, hadi chini ya ardhi, wakaingia RER D na kuishia mji wa Melun baada ya kusimama kila kituo. Tazama pia ubao unasemaje: treni ya Montargis au ya Montereau kupitia Moret hupita Fontainebleau-Avon, lakini ya Montereau kupitia Héricy hufuata ng'ambo ya pili ya mto Seine. Jina la kituo chako lisipokuwa ubaoni, usipande.

Kuhusu nauli, tangu Januari 2025 safari moja ya treni ndani ya Île-de-France, mkoa unaozunguka Paris, ina bei moja bila kujali umbali. Ilianza kwa yuro 2.50 na hupanda kidogo kidogo. Nunua na ya kurudi kabisa, usije ukapanga foleni jioni.

Kutoka kituoni kuna basi la kwenda kasri. Kwenda Barbizon ni habari nyingine: mabasi ni machache, na Jumapili usiyategemee bila kuangalia ratiba ya Île-de-France Mobilités, mamlaka ya usafiri ya mkoa. Waliobaki hutumia teksi (iagize mapema, hazijipangi foleni pale), baiskeli ya kukodi, au gari. Baiskeli ni nzuri mradi ina matairi mapana. Yale membamba huzama kwenye mchanga wa njia za msituni, na utaisukuma kuliko utakavyoipanda. Kwa gari, shika barabara kuu ya A6 kutoka Paris, toka penye kibao cha Fontainebleau na ufuate barabara ya N37.

Msituni asubuhi

Barabara kuu ya kijiji inaitwa Grande Rue, inatoka mashambani upande wa magharibi hadi kwenye miti upande wa mashariki. Ipite kwanza bila kusimama, utairudia. Inakoishia ndipo msitu unapoanza, kwenye njia pana iitwayo Allée aux Vaches, yaani njia ya ng'ombe, kwa kuwa wanakijiji walipitisha mifugo yao hapo kwenda malishoni. Karibu na ukingo huo tafuta jiwe kubwa lenye sahani ya shaba: ni sura mbili zilizotazama upande mmoja, za wachoraji wa hapa Jean-François Millet na Théodore Rousseau, kazi ya mchongaji Henri Chapu ya mwaka 1884.

Mbele kidogo unaingia Bas-Bréau, penye mialoni mikubwa, mingine ikiwa magogo yaliyoanguka na kuachwa yaoze. Si uzembe. Wachoraji wa hapa, Rousseau akiwa mbele yao, walipinga ukataji wa miti ya kale na upandaji wa misonobari, na mwaka 1861 serikali ya Napoleon wa Tatu ilitenga hekta 1,097 za msitu kwa ajili ya sanaa. Hiyo ni miaka 11 kabla ya hifadhi ya taifa ya Yellowstone ya Marekani. Leo zipo sehemu zilizofungwa kabisa kwa watu. Kibao kikisema hifadhi kamili, usiingie hata kwa picha moja. Matawi makavu ya miti hiyo huanguka bila taarifa, hasa baada ya upepo.

Kutoka hapo, kama kilomita 2 kutoka kijijini, unafika Gorges d'Apremont, bonde lililojaa miamba ya jiwe la mchanga iliyorundikana. Mchanga wake uliachwa na bahari iliyofunika eneo hili zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Tabaka la juu likagandamana kuwa jiwe, mchanga wa chini ukachukuliwa na maji, na mawe yakaporomoka. Ndiyo maana utakanyaga mchanga mweupe kama wa pwani ilhali bahari iko mbali mno. Pango la majambazi, Caverne des Brigands, liko huku; chukua tochi.

Fuata njia za buluu. Ni kazi iliyoanzishwa na Claude-François Denecourt, askari wa zamani wa Napoleon wa Kwanza, aliyechora alama za kuongoza watembeaji kuanzia miaka ya 1840. Alama ni mstari mfupi wa buluu kwenye mti au jiwe, pamoja na herufi na nyota penye kitu cha kutazama. Sasa angalia: katika miamba hiyohiyo kuna alama za wapandaji mawe, nazo zina rangi, ikiwemo buluu. Ya wapandaji ni namba yenye mshale mdogo, na mshale huo unaelekea juu ya jiwe, haukuongozi njia. Wanaopotea Apremont wengi wao wamefuata namba hizo, wakazunguka mawe yaleyale nusu saa. Mistari miwili myeupe na myekundu ni ya GR, njia ndefu za matembezi. Kijani na nyeupe ni mzunguko wa msitu mzima, kilomita 65 hivi. Ukipita dakika tano bila kuona alama yako, rudi kwenye ya mwisho uliyoiona, usikate porini. Vijia vya wanyama huonekana kama njia halali hadi vinapofia kichakani.

Simu si ya kuaminiwa mabondeni. Nunua ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, namba 2417 OT, kipimo cha 1:25 000. Chukua lita moja na nusu ya maji kwa saa tatu za kutembea, kwani msituni hakuna bomba, na uvae viatu vyenye soli ya kushika. Majani makavu juu ya jiwe huteleza kuliko matope.

Ukitaka kujaribu kupanda mawe bila kamba, mchezo ulioutangaza msitu huu duniani, anza na mzunguko wa njano. Nyeupe ni ya watoto, kisha ugumu huongezeka kwa rangi ya chungwa, buluu, nyekundu na nyeusi. Weka godoro la kuangukia, na mwenzako asimame nyuma yako. Futa soli kwa kitambaa kabla ya kila jaribio: mchanga uliobaki chini ya kiatu husaga jiwe kama msasa, na pa kukanyagia hugeuka kioo. Jiwe likiwa na unyevu, acha kabisa. Ganda la nje ndilo gumu. Likilowa hudhoofika, kishikio kikavunjika mkononi mwako, na ndani unabaki mchanga tu ambao hautashika tena. Kugusa uso wa jiwe hakutoshi. Chota mchanga chini yake, ukigandamana kiganjani, nenda makumbusho.

Kupe ndio kero ya kweli ya msitu huu, kuanzia machipuko hadi vuli. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, na jioni jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele. Ukimkuta, mbane karibu kabisa na ngozi kwa kibanio na umvute polepole. Usimpake mafuta wala kumchoma. Duara jekundu linalopanuka siku au wiki baadaye ni la kumpelekea daktari. Vuli na baridi kuna uwindaji: ukiona kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, badili njia. Moto hauruhusiwi. Mbwa afungwe kamba, na kuanzia Aprili 15 hadi Juni 30 ni lazima akiwa nje ya njia. Namba ya dharura ni 112.

Alasiri kijijini

Makumbusho yako katika Auberge Ganne, nyumba ya wageni ya zamani ambayo wachoraji wake walichora hata kwenye milango ya makabati na kuta. Tenga saa nzima. Karakana ya Millet iko mtaa huohuo, na kuna picha za vigae ukutani zinazorudia michoro yao, lakini picha zenyewe maarufu, ile ya waokota masazo na ile ya sala ya jioni, ziko Musée d'Orsay, Paris. Usimuulize mhudumu, anaulizwa kila siku.

Uwanda zilikochorwa uko upande wa pili, kuelekea Chailly-en-Bière, dakika 30 hadi 40 kwa miguu. Nenda jua likianza kushuka. Mnara wa kanisa la Chailly ndio ule unaoonekana mbali katika picha ya sala. Millet na Rousseau wamezikwa Chailly na si Barbizon, kwa kuwa Barbizon ilikuwa kitongoji tu cha Chailly hadi 1903.

Kasri la Fontainebleau usilibane katika siku hii. Lina vyumba zaidi ya 1,500, na ngazi ya umbo la kwato ambako Napoleon wa Kwanza aliagana na walinzi wake tarehe 20 Aprili 1814. Lipe asubuhi yake. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, isipokuwa Julai na Agosti, na bustani haina kiingilio siku yoyote.