Umenunua mashine ya mtumba ya kutoboa barafu? Usivute kamba kwanza

Hizi mashine za petroli wanazotobolea barafu ili wavue samaki, ukizikuta mtumba stika imeshabanduka na muuzaji anakwambia "ilikuwa inawaka fresh tu". Haya, poa. Tuanze.

Hatua ya 1: jua injini ni ya nani
Jina lililo kwenye mashine lisikuchanganye, injini mara nyingi ilinunuliwa kwa kampuni nyingine. Mfano mashine nyingi za zamani za Jiffy zina injini ya kampuni ya Tecumseh ya tu-stroki (inayotumia petroli iliyochanganywa na oili), kwa hiyo spea tafuta kwa namba ya injini. Futa masizi na grisi kwenye kava la feni utaona namba zimegongwa kwenye bati. Kwenye Tecumseh kuna modeli (TC200, TC300 na nyingine) halafu namba ya tarehe, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka na 3 zinazofuata ni siku ya mwaka. Yaani 4107 ni siku ya 107 ya mwaka unaoishia na 4, sasa kama ni 1984 au 1994 hapo unakadiria kwa sura yake.

Hatua ya 2: pumzi na cheche
Toa plagi, ziba tundu na kidole, vuta kamba. Ikikisukuma kidole kwa nguvu ringi bado ziko hai, ikiwa laini tu kama inapuliza chai achana nayo, usiingie gharama. Plagi acha nafasi ya inchi 0.030, ichomeke kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini mbali na lile tundu, uvute tena. Hakuna cheche? Usikimbilie kununua koili (inayotengeneza umeme wa cheche)! Chomoa kwanza waya wa swichi ya kuzimia, maana hiyo ikiwa imeshoti inazima kila kitu, na mimi nilishawahi kununua koili bure kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: kabureta, ugonjwa mkubwa uko hapa
Mashine inatumika miezi michache ya baridi, inayobaki imelala na petroli ndani, petroli inageuka gundi, mipira ya kupitisha mafuta inapasuka na daiframu (kile kiwambo chembamba ndani ya kabureta) inakauka mpaka inakakamaa kama karatasi. Mwaga mafuta yote, badilisha mipira na filta ya kwenye tangi. Kabla hujatoa skrubu za kurekebishia zikaze taratibu ukihesabu mizunguko mpaka zigote, andika, utazirudisha hivyohivyo. Piga picha mpangilio wa daiframu na gasketi, ukiugeuza, injini haivuti mafuta. Vitundu pulizia dawa ya kabureta (vaa miwani), usichokonoe na waya, utavipanua.

Hatua ya 4: mafuta
Soma uwiano wa petroli na oili kwenye kifuniko cha tangi. 24:1 ni kama mililita 42 za oili ya tu-stroki kwa lita moja ya petroli, 32:1 ni 31, 50:1 ni 20. Za zamani zinataka oili nyingi, ukibana piston inakwaruzika.

Hatua ya 5: klachi na visu
Ikiwaka, iache sailensa (ingurume taratibu bila kukanyagiwa mafuta) halafu angalia chini. Parafujo (ile ndefu ya kutobolea barafu) ikizunguka yenyewe punguza sailensa, ikiendelea basi springi za klachi zimechoka. Visu vya kukata kwa kukwangua usinoe na jiwe nyumbani, pembe ikikosewa kidogo tu inateleza juu ya barafu na haiingii hata ukiilalia, nunua vipya vya modeli hiyohiyo.